Kisanduku Kijacho Kimtumikie Nani?

Apple TV ilipoingia madukani Machi 2007 ilikuwa na diski ya GB 40 tumboni na bei ya dola 299, na Steve Jobs mwenyewe aliizungumzia kama shughuli ya pembeni, kitu ambacho kampuni ilikifanya kwa mapenzi kuliko kwa biashara. Mwaka 2010 diski ikaondolewa, umbo likapungua hadi kuenea kiganjani, bei ikaanguka hadi dola 99. Mwaka 2015 likaja duka la programu. 2017, picha za 4K. 2021, rimoti mpya. Na Novemba 2022, toleo lenye chipu ya A15, lisilo na feni, kwa dola 129. Kinachojadiliwa hapa ni kisanduku chenyewe, si huduma ya filamu inayobeba jina hilohilo. Wengi wanangoja kitakachorithi nafasi ya kile cha 2022, na kila mmoja anangoja kitu chake.

Kwa ajili ya mjadala, tuwakalishe wanne sebuleni huko Columbus, Ohio, jiji ambako Kiswahili hakikosi wasemaji. Mjomba hufunga mitambo ya sinema majumbani mwa watu. Shangazi ni mhasibu. Kijana ana miaka 19 na rimoti mbili za gemu. Bibi, mama yake shangazi, amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Wenyewe ni wa kutungwa, lakini madai yao husikika vinywani mwa wanunuzi kila siku, na vifaa wanavyovitaja vipo.

Mjomba akaanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameushika waya wa HDMI.

"Picha sina ugomvi nayo," akasema. "Ugomvi wangu ni sauti."

Ugomvi wenyewe ni huu. Mtu aliyenunua diski za filamu za 4K na kuzihifadhi kwenye kompyuta ya nyumbani huzitazama kwenye runinga kwa programu kama Plex au Infuse. Sauti ya diski hizo mara nyingi huwa imefungwa kwa mfumo wa Dolby TrueHD, na ndani yake mna Atmos, yaani maelekezo yanayoiambia amplifaya kwamba helikopta ipite kwenye spika gani ya darini na kwa wakati gani. Kisanduku cha 2022 kilitoka bila uwezo wa kuipitisha sauti hiyo kama ilivyo. Huifungua chenyewe, hutoa sauti safi kabisa, ila yale maelekezo ya darini huachwa njiani. DTS:X, mfumo mwingine wa sauti wa namna hiyo, nayo hupatwa na yaleyale. Nvidia Shield TV Pro, iliyotoka 2019, hupitisha zote mbili bila kuzigusa, na ndiyo maana kifaa cha umri huo bado kinasakwa na wapenzi wa sinema.

"Wapitishe tu," mjomba akasema. "Sitaki kisanduku kinifikirie. Amplifaya niliyoinunua inajua kufikiri."

Hakuishia hapo. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na runinga za Marekani kwa kawaida huonyesha mara 60 kwa sekunde. Ishirini na nne haigawanyi sitini sawasawa, kwa hiyo picha moja hukaa kwenye skrini muda mrefu kuliko inayoifuata, na kamera inapogeuka polepole jicho huona mtikisiko. Desemba 2017 Apple waliongeza mpangilio unaoifanya runinga ifuate kasi ya filamu. Mtikisiko ukaisha, ikaja kero nyingine: kila unapoingia na kutoka kwenye filamu, skrini hugeuka nyeusi kwa muda wakati runinga na kisanduku vinapatana upya. Kisanduku cha 2022 kinaujua utaratibu wa HDMI 2.1 unaofuta giza hilo, ila si kila runinga inauelewa.

"Shemeji," shangazi akamkatiza, "hizo spika za darini ziko katika nyumba ngapi hapa mtaani?"

"Chache."

"Basi tumekusikia. Apite mwingine."

Hapo shangazi alimwonea shemeji yake. Ni kweli wanaojenga sinema nyumbani ni wachache, lakini wachache hao ndio wanaokubali kutoa dola 129 kwa kitu ambacho runinga mpya yoyote hudai kuwa nacho tayari. Ukiwapuuza wao, unabaki na kisanduku ghali kisichojua kinamuuzia nani.

Kijana hakujali spika. Yeye alitaka chipu. A15 iliwahi kuonekana kwenye iPhone 13 mwaka 2021. Miaka miwili baadaye iPhone 15 Pro ilikuja na A17 Pro, na Resident Evil Village, gemu iliyokuwa imezoea mashine kubwa za sebuleni, ikachezwa kwenye simu. "Mjomba, chipu hiyohiyo wakiitia humu, sinunui PlayStation tena."

"Uliwahi kuwasikia wakisema hivyo kabla?" mjomba akamuuliza.

Mwaka 2015 Apple waliufungua mlango wa gemu, wakauwekea kizingiti: kila gemu ichezeke kwa rimoti ya kisanduku, ile ya kioo cha kugusa ambayo watu waliiokota gizani ikiwa kichwa chini miguu juu. Sharti hilo liliondolewa mwaka uliofuata. Minecraft ikaja Desemba 2016 na kuondoka 2018. Rimoti yenyewe ilichosha watu kiasi kwamba mwaka 2019 kampuni ya simu ya Uswisi, Salt, iliwatengenezea wateja wake nyingine ya vitufe vya kawaida. Nguvu haikukosekana miaka yote hiyo. Waliokosekana ni watengenezaji wa gemu wa kuitumia, na chipu mpya peke yake haiwaleti.

Kijana alikuwa na karata bora zaidi mkononi, na aliitupa kama kitu kidogo. A17 Pro hufungua AV1 kwa maunzi yake yenyewe, wakati A15 haina uwezo huo. AV1 ni mfumo wa kubana video ambao YouTube na Netflix wanautumia ili picha ya ubora uleule ipite kwa data kidogo zaidi. Kwa nyumba yenye intaneti isiyo na kikomo faida hiyo haionekani. Kwa anayelipia kwa gigabaiti, inaonekana kwenye bili.

Bibi alikuwa kimya muda wote huo, akiifuatilia mechi.

"Mnasema kasi, kasi," akasema. "Mbona mwanangu wa Tanga ananipigia simu kushangilia goli, nami huku mpira naona ungali katikati ya uwanja?"

"Shikamoo, Bibi," kijana akacheka. "Hilo nalo ni swali."

"Marahaba. Nijibuni basi."

Ni swali kubwa kuliko yote yaliyotangulia, maana Apple imeingia kwenye mpira kwa miguu miwili. Tangu 2023 mechi za ligi ya Marekani, MLS, ambamo Columbus Crew yenyewe inacheza, zimekuwa mikononi mwake kwa mkataba ambao awali ulikuwa wa miaka 10, na Julai mwaka huohuo Messi akatua Inter Miami. Lakini kuchelewa kwa goli hakuanzii kwenye kisanduku. Kunaanzia kwenye namna video inavyosafirishwa. Utaratibu unaotumika zaidi, HLS, uliundwa na Apple yenyewe mwaka 2009. Mechi hukatwa vipande vipande. Mwanzoni ushauri ulikuwa sekunde 10 kwa kipande, baadaye 6. Kila kipande huwa ni faili inayoombwa na kifaa chako kama ukurasa wowote wa mtandao, na programu ya kuchezesha kwa kawaida hukusanya vipande vitatu kabla ya kuanza, ili intaneti ikiyumba picha isigande. Tatu mara sita ni kumi na nane. Hujahesabu bado muda wa kubana picha kiwanjani, kuipeleka kwenye seva, na kuisambaza.

"Mama, ni kama wali wa shughuli," mjomba akamwambia. "Hauanzi kuliwa mpaka masinia matatu yameshapangwa ukumbini, ili wageni wasije wakakaa mikono mitupu jikoni kukichelewa."

"Na masinia yakifanywa madogo?"

Bibi aligonga penyewe. Mwaka 2019 Apple walitangaza HLS ya ucheleweshaji mdogo, ambamo kila kipande hukatwa tena vipande vidogo vinavyotumwa kabla kipande kizima hakijakamilika. Inafanya kazi. Ila inadai kila aliye njiani, kuanzia mwenye mechi, seva za kusambaza hadi programu ya kutazamia, abadilishe mtambo wake, na kisanduku kipya hakiwezi kumlazimisha yeyote kati yao. Kinachoweza kufanywa na Apple ni kuanzia nyumbani kwake, kwa mechi inazozitangaza yenyewe.

"Kwa hiyo king'amuzi cha Tanga kinakishinda hiki cha dola mia na kitu?"

"Kwa mpira wa moja kwa moja, ndiyo, mama. Kinakishinda."

Bibi aliongeza ombi moja, nalo lipite kwa kifupi kwa sababu halina ubishi. Kitufe cha maikrofoni kwenye rimoti kinamwita Siri, na Siri haimo katika wanaokisikia Kiswahili. Google ilianza kupokea Kiswahili katika kuandika kwa sauti mwaka 2017, kwa matamshi ya Kenya na ya Tanzania. Kampuni inayoweza kuifanya rimoti imsikie Mdenmaki inaweza kumsikia Mtanga.

Halafu ikawa zamu ya shangazi, na hapa ndipo mjadala ulipopata uzito. Mhasibu alianza kwa bei, kama walivyotarajia. Walmart iliuza kisanduku chake cha Onn chenye 4K mwaka 2023 kwa dola 19.88. Kwa bei ya kimoja cha Apple unapata sita, na chenji inabaki. "Hiyo tofauti ya dola mia na tisa," akauliza, "inalipia nini?"

"Chipu," kijana akasema.

"Hapana, mwanangu. Chipu haifiki huko. Angalieni upande wa pili wa daftari: hao wa dola ishirini wanapata wapi faida?"

Roku ndiyo mfano wa kufundishia. Kifaa chake cha kwanza, Mei 2008, kilikuwa cha kutazamia Netflix kwa dola 99, na kilikuwa kimelelewa ndani ya Netflix yenyewe kabla ya kukabidhiwa Roku, maana wakubwa wa Netflix waliogopa kushindana na watengenezaji wa vifaa waliotaka kushirikiana nao. Leo sehemu kubwa ya mapato ya Roku hutoka kwenye matangazo na fungu la huduma zinazouzwa kupitia skrini yake, na kwa miaka kadhaa ya karibuni kitengo cha vifaa kimeuza kwa hasara. Kisanduku ni chambo. Mwaka 2023 Amazon iliruhusu matangazo ya video yanayojicheza yenyewe kujaza skrini unapowasha Fire TV. Mwaka 2025 Roku ilijaribu kuwaonyesha baadhi ya wateja tangazo kabla hata ya skrini ya mwanzo kufunguka. Hata Shield, kipenzi cha mjomba, haikusalimika: mwaka 2021 skrini yake ya mwanzo ilipoletewa mabango makubwa ya matangazo, wenye nayo waliichapa nyota moja moja kwenye duka la programu.

Apple si mtakatifu. Ukiifungua programu yake ya TV, vipindi vyake yenyewe vinakujia mbele kabla hujauliza. Hata hivyo skrini ya mwanzo ya kisanduku imebaki safu za programu ulizozipanga mwenyewe, na hakuna muuza sabuni aliyewahi kukaribishwa hapo. Kwa maoni ya mwandishi, hiki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ambacho Apple inakiuza katika kisanduku hiki, ingawa haikitangazi.

"Basi mimi matumaini yangu ni mawili," shangazi akasema. "Bei irudi dola 99 kama 2010. Na skrini ya mwanzo isiuzwe, leo wala kesho."

"Shemeji, unataka vyote viwili?" Mjomba alisogeza kiti. "Wewe mwenyewe umetuonyesha daftari. Bei ikishuka, pengo litazibwa na nani?"

"Na wao wenyewe. Hawaishi kwa visanduku."

"Waliosema hivyo ni wengi, mpaka mwaka mmoja mauzo ya simu yashuke."

Shangazi akatoa simu, akapiga hesabu hadharani. Dola 129 kwa miaka saba ni kama dola moja na nusu kwa mwezi. Huduma moja ya filamu inazidi hiyo mara nyingi. Akaitazama ile namba kidogo, akakubali kwamba dola 99 si hoja ya kufa nayo. Ya pili hakuilegeza.

Kijana akaona upenyo. Kwa nini kisanduku kabisa? Mwaka 2019 Apple yenyewe iliruhusu runinga za Samsung, LG, Sony na Vizio kupokea AirPlay, na ikaipeleka programu yake ya TV kwa Roku na Fire TV. "Runinga yetu ina kila kitu, shangazi. Tunachomeka kingine cha nini?"

"Kwa sababu ya runinga yenyewe."

Februari 2017 Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi iliyofunguliwa na tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na jimbo la New Jersey. Runinga milioni 11 zilikuwa zikichukua vipande vya picha vilivyo kwenye skrini, sekunde kwa sekunde, kuvilinganisha na ghala la vipindi, na kujua mwenye nyumba anatazama nini, bila ridhaa yake. Haikujali picha imetoka wapi: kebo, diski, au kisanduku kilichochomekwa. Desemba 2024 Walmart ilikamilisha kuinunua Vizio kwa dola bilioni 2.3, na katika maelezo yake ya ununuzi biashara ya matangazo ilitajwa waziwazi.

Jambo hili lina ncha inayomchoma shangazi pia, na mjomba hakumwachia. Kisanduku safi kilichochomekwa kwenye runinga yenye macho hakimfichi mtu. Ni lazima runinga inyimwe nywila ya Wi-Fi, ibaki kioo tu. Yeye huwafanyia hivyo wateja wote wanaomruhusu, na baadhi hurudi baada ya wiki kulalamika kwamba runinga inawasumbua kwa ujumbe wa kuomba mtandao.

"Kariakoo vimejaa hivyo visanduku," Bibi akaingilia. "Vya Android. Unakuta na sinema zote zimo, bure. Mjukuu wangu wa Dar alininunulia kimoja."

Kimya kidogo. Mjomba alimjibu kwa adabu, lakini alimjibu. Vya bei ya kutupa, visivyo na jina na visivyo na idhini ya Google, vimekuwa vikikutwa na virusi tangu kiwandani. Mwaka 2023 watafiti wa usalama waliufichua mtandao ulioitwa BadBox. Juni 2025 FBI iliwaonya watu kuhusu mrithi wake, na mwezi uliofuata Google ilifungua kesi New York ikidai vifaa zaidi ya milioni 10 vimeingizwa humo. Kifaa kilichoambukizwa hubofya matangazo kwa siri, na hukodishwa kwa wahalifu wanaotaka uovu wao uonekane umetoka kwenye intaneti ya nyumba ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo cha bure kinanitumia mimi."

"Ndiyo, mama. Ukifika Tanga ukichomoe."

"Nitakichomoa. Na hiki chenu kitakufa lini?"

Swali hilo liliwakuta hawana jibu la haraka, nalo ndilo lililostahili kuulizwa mwanzo. Visanduku haviharibiki upesi; huzeeka kwa kukimbiwa na programu. Apple TV ya 2012 bado inawaka katika nyumba nyingi, lakini YouTube iliiacha Machi 2021 na Netflix Julai 2024. Machi 2025 maelfu ya watu duniani waliamka wakakuta Chromecast zao za kizazi cha pili, vifaa vya 2015, hazikubali tena kupokea video, kwa sababu cheti cha kidijitali kilichokuwa ndani kilikuwa kimefika mwisho wa muda wake. Google ilituma dawa baada ya siku chache. Vifaa vilikuwa vizima kabisa.

Kwa upande mwingine, Apple TV HD, ya 2015 vilevile, ilipokea mfumo mpya wa tvOS 26 mwaka 2025. Miaka kumi. Kijana alikiri hajawahi kumiliki kitu cha umeme cha umri huo, ukiondoa pasi.

"Hilo ndilo nalitaka kwenye boksi," shangazi akasema. "Tarehe."

Haombi muujiza. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inawataka wanaouza vifaa vinavyounganishwa na intaneti waseme kwa maandishi ni hadi lini, kwa uchache, watavitumia marekebisho ya usalama. Apple ilitii: kwa iPhone 15 Pro Max iliandika angalau miaka mitano tangu siku ya kwanza ya mauzo. Kinachobaki ni kuitoa ahadi ya namna hiyo kwenye karatasi za wanasheria na kuichapa ubavuni mwa kisanduku, pale inapochapwa idadi ya GB.

Mjomba alikuwa na pingamizi moja, na lilikuwa la haki. Waliokiua kile cha 2012 hawakuwa Apple. Ni YouTube na Netflix waliojiondoa. Netflix haijakubali hata vipindi vyake vijipange katika orodha ya kuendelea kutazama ndani ya programu ya TV. Tarehe iliyochapwa na Apple haimfungi mtu wa nje.

"Basi waandike nusu yao," shangazi akasema, "na Netflix waandike yao. Nitazisoma zote mbili kabla sijatoa hela."

"Na AV1?" kijana akauliza.

"Hiyo iandikwe pia. Kwa herufi kubwa, bibi yako aione."